Mradi wa kuhuisha mto umeongeza ningu, au umewakusanya tu? Uzi wa vipimo

#1 mpima_maji

Wakuu, ripoti nyingi za miradi ya kuhuisha mito kwenye bonde la Ziwa Victoria zina sentensi moja ile ile: "baada ya kupanda miti kingoni, samaki wameongezeka." Ukiuliza walihesabiwaje, jibu ni kwamba wavuvi wamesema, au wavu ulitupwa mara moja kabla ya mradi na mara moja baada yake. Hapo hakuna kilichopimwa. Naomba tujadili kipimo chenyewe, na nachagua samaki mmoja ili tusielee hewani: ningu, *Labeo victorianus*.

Ningu hapatikani kwingine duniani zaidi ya bonde la Ziwa Victoria, na IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) imemweka kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Anaishi ziwani na mitoni, lakini mvua zikianza na mito kujaa anapanda juu kwenda kutaga kwenye nyasi na mabonde yaliyofurika. Masika (Machi hadi Mei) ndiyo msimu mkubwa, vuli inafuata. Tabia hiyo ndiyo iliyommaliza. Zilipoingia nyavu za kutega na kupangwa kwenye midomo ya mito, wazazi walinaswa wakiwa na mayai tumboni. Katikati ya karne iliyopita uvuvi wake ulikuwa umeshaanguka, kabla hata sangara hajatawala ziwa. Juu ya hapo yakaja mashamba hadi ukingoni, tope, na mabonde ya mafuriko kukaushwa kwa kilimo.

Kwa hiyo mradi wowote unaodai kumsaidia ningu lazima uonyeshe mnyororo huu, pete kwa pete:

kazi iliyofanyika (miti, kufungua bonde la mafuriko, kuondoa kizuizi) → mto wenyewe kubadilika (tope, kina, muda wa mafuriko kukaa bondeni) → ningu kutumia mahali hapo → ningu kutaga, vifaranga kuishi na kukua → wazazi wengi zaidi kurudi misimu ijayo.

Wengi wanapima pete ya kwanza (miche 10,000 imepandwa!) na kurukia ya mwisho. Halafu kuna mtego wa katikati: samaki wakionekana wengi kwenye kipande kilichohuishwa, inawezekana wamehama tu kutoka kipande cha jirani kufuata kivuli na kina. Mto mzima haujaongezewa hata samaki mmoja. Kutofautisha *kukusanya* na *kuzalisha* ndiyo kazi yote ya tathmini.

Karibuni. Mwenye utaalamu wa takwimu aanze na muundo, kwa sababu ukikosea hapo hakuna kifaa kitakachokuokoa.

#2 binti_takwimu

Muundo wa chini kabisa unaokubalika: kabla na baada, penye mradi na pasipo mradi. Vipimo vinne. Ukikosa kimoja, huwezi kutenganisha kazi ya mradi na kazi ya mvua.

Mfano (namba za kufundishia tu). Kipande cha mradi: samaki 12 kwa kila mita 100 kabla, 30 baada. Mkurugenzi anaandika "ongezeko la asilimia 150". Sasa tazama kipande cha kulinganishia ambacho hakikuguswa: 10 kabla, 20 baada. Mwaka ulikuwa wa mafuriko mazuri, samaki wamepanda kila mahali. Hesabu sahihi ni (30 ÷ 12) ÷ (20 ÷ 10) = 2.5 ÷ 2 = 1.25. Mchango unaoweza kuhusishwa na mradi ni asilimia 25, tena hapo bado hujaweka kiwango cha mashaka.

Nimetumia uwiano kwa makusudi. Idadi ya samaki hupanda na kushuka kwa kuzidishwa, haijumlishwi. Ukitoa tu (18 kasoro 10 = 8), kipande kilichoanza na samaki wengi kitaonekana kimefanya vizuri zaidi bila sababu. Chukua logi (logarithimu) ya hesabu kwanza, ndipo ulinganishe.

Makosa matatu yanayojirudia:

Kwanza, kuhesabu mitupo ya wavu kama sampuli. Ukitupa kimia mara 30 kwenye kipande kimoja, una sampuli moja iliyopimwa mara 30. Kinachohesabika ni idadi ya vipande na idadi ya miaka. Vipande vitatu vya mradi na vitatu vya kulinganishia vinazidi kwa mbali kipande kimoja kilichovuliwa hadi maji yachoke.

Pili, kuchagua mahali pa mradi kwa sababu pameharibika kupita kiasi, kisha kulinganisha na mahali pazuri. Palipo pabaya kabisa mwaka huu, mara nyingi patapanda kidogo mwakani hata ukilala. Chagua vipande sita au zaidi vinavyofanana kwa upana, mteremko na matumizi ya ardhi, kisha piga kura ya bahati nasibu vipi vipate kazi. Jamii ikikataa kura, basi angalau andika kwa nini kila kimoja kilichaguliwa.

Tatu, "kabla" ya msimu mmoja. Msimu mmoja haukuonyeshi hesabu zinavyoruka zenyewe. Miaka 3 ya kabla, yenye masika na vuli, ndiyo kiwango changu. Najua mtalalamika.

#3 Nyanza2

Nalalamika tayari. Ningu wa mto Sondu na wa mto Nyando wote wanatoka Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa ziwa. Kipande cha kulinganishia kikiwa mto uleule, samaki ni walewale wanapita. Kikiwa mto wa jirani, ziwa ni lilelile. Udhibiti uko wapi hapo?

#4 binti_takwimu

Swali zuri, na jibu linategemea unapima umri gani.

Wazazi wanaopanda: vipande vya mto mmoja si huru, umesema kweli. Hapo kizio ni mto mzima, kwa hiyo linganisha Nyando na Sondu-Miriu na Kuja. Kwamba ziwa ni moja si tatizo, ni faida: mabadiliko ya ziwani (uvuvi, sangara, magugumaji) yanazigusa pande zote mbili na yanafutika kwenye ile hesabu ya uwiano. Kinachobaki ni tofauti ya mito. Ila angalia mambo yanayogusa mto mmoja tu. Sondu-Miriu ina banio la umeme linalochepusha maji, na kipande cha chini ya banio hadi maji yanaporudi hakiwezi kuwa cha kulinganishia kwa mto usio na banio.

Vifaranga na wachanga wanaobaki mtoni: hawa hawatembei mbali kwa wiki kadhaa, kwa hiyo vipande vya mto mmoja vinafaa, mradi cha kulinganishia kiwe juu ya cha mradi. Ukikiweka chini, tope lililopungua kwenye mradi linashuka na kukisaidia hicho nacho, na athari yako inajimeza yenyewe. Acha kilomita chache katikati.

#5 Fundi_nyavu

Niongee kuhusu kuhesabu kwenyewe, maana hapa ndipo namba nzuri huharibika.

Vijito vya kuingilika kwa miguu (kina chini ya mita 1): funga kipande cha mita 100 kwa nyavu mbili za macho madogo, juu na chini, chini ya wavu kaza kwa mawe pasibaki upenyo. Kisha vua kwa mashine ya umeme ya mgongoni, pita mara 3 kwa muda na mwendo uleule, ukiweka samaki wa kila pito ndoo yake. Umeme ni haramu kwa mvuvi, na mtafiti anahitaji kibali cha maandishi cha idara ya uvuvi. Tembea na nakala, na mtaarifu mwenyekiti wa kijiji na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) kabla hujawasha kitu.

Tuseme umepata 48, 21, 9. Umeshika 78, lakini waliokuwepo ni zaidi. Kwa pito mbili za kwanza: 48 × 48 ÷ (48 − 21) = 2,304 ÷ 27 = 85. Fomula ya mapito matatu nayo inatoa 85. Vizuri, zinakubaliana. Ukipata 20, 18, 17, usihesabu kabisa: fomula itakupa 200 au chochote inachotaka, kwa sababu samaki hawapungui kwa kuvuliwa. Maana yake ama wavu unavuja, ama maji yamechafuka huwaoni, ama mkondo wa umeme haufai maji hayo. Pima upitishaji umeme wa maji kila asubuhi kabla ya kuweka volti. Tumia mkondo wa moja kwa moja wenye mapigo, mapigo machache kwa sekunde (30 yanatosha kuanzia), anza chini upande taratibu. Mkondo wa kubadilikabadilika usitumike kwa samaki adimu, unavunja uti wa mgongo.

Sasa jambo ambalo karibu kila ripoti hulipita. Kuhuisha mto hubadilisha uwezo wako wa kuwakamata. Kabla ya mradi kipande kilikuwa kina cha kifundo cha mguu, peupe, unaona kila kitu. Baada ya mradi kuna vina, mizizi, matete na magogo, na samaki walewale 85 unashika 50. Ukilinganisha samaki ulioshika bila kusahihisha, mradi mzuri utaonekana umewapunguza. Ndiyo sababu ya mapito matatu kila mara, au uweke alama na kukamata tena: weka alama 60, kesho yake shika 50, kati yao 12 wana alama. (61 × 51 ÷ 13) − 1 = 238. Hiyo moja inajumlishwa na kutolewa kwa sababu. Usiiache, hasa ukiwa na wenye alama wachache.

Mito mikubwa: nyavu za kutega zenye macho mchanganyiko, muda mfupi. Dakika 30 hadi saa 1, uzitazame mwenyewe. Ukizilaza usiku kucha unaua samaki uliokuja kumwokoa. Andika juhudi: mita za wavu × saa. "Tulipata ningu 7" bila juhudi ni hadithi.

#6 Mwanamara

Fundi_nyavu, ongeza onyo: Mto Mara wa katikati na wa chini, na Grumeti, hakuna mtu wa kuingia majini na mashine mgongoni. Mamba na viboko hawajui kibali cha idara. Huko ni wavu wa kunasa mayai na vifaranga kutoka ukingoni mchana, vinasaba vya majini (DNA ambayo samaki huiacha kwenye maji), na takwimu za mavuno kule chini kwenye kinamasi kuelekea Musoma.

Na mtu wa takwimu asisahau viboko. Upande wa Kenya wako zaidi ya 4,000, na kinyesi chao hutuama kwenye vidimbwi wakati wa kiangazi, oksijeni chini inaisha. Mvua ya ghafla juu ikisukuma maji hayo kwa mpigo, samaki hufa kwa wingi kilomita nyingi chini. Hilo limechapishwa kitaalamu, si uvumi. Mradi wako wa kupanda mianzi na matete ukiwa na mkosi wa kupimwa wiki mbili baada ya tukio kama hilo, utaonekana umeua samaki. Tundika kinasa oksijeni kinachoandika kila dakika 15, mwaka mzima, penye mradi na pasipo. Bila hicho huwezi kueleza mwaka mbaya.

#7 Chujio

Vinasaba vya majini vimetajwa. Kwa ningu vinafaa kujibu "amefika hapa au la?" na vinafeli kujibu "wako wangapi?". Mwenye kuuza hesabu ya samaki kutokana na chupa ya maji anauza ndoto.

Utaratibu: maji lita 1 hadi 2 kwa kila sampuli, sampuli 3 kwa kila kituo, na kila siku chupa 1 ya maji safi ya dukani ipitishwe kwenye vifaa vilevile kama shahidi. Shahidi akionyesha ningu, siku nzima inatupwa. Chujio la mikroni 0.45 kwenye Nyando wakati wa masika litaziba kabla ya kikombe kuisha. Nenda mikroni 1.2 hadi 5, gawanya kwenye machujio mawili, na uandike lita zilizopita kweli. Hifadhi kwenye etanoli, mbali na jua. Tope na majani yaliyooza huzuia mmenyuko wa maabara, hivyo kila sampuli ipimwe kizuizi kabla ya kuandikwa "hayupo". Na kipimo cha vinasaba kijaribiwe kwanza dhidi ya kuyu (fwani kwa Waluo) na jamaa wengine wadogo wa mto, wasije wakapokelewa kwa jina la ningu.

Kumbuka maji yanatembea. Ningu aliyeko kilomita kadhaa juu ataonekana kwenye chupa yako. Kwa hiyo vinasaba vinafaa kwenye swali la kizuizi: umeondoa banio au umeweka njia ya samaki, je ningu sasa wanaonekana juu yake? Hapo jibu linakuja wazi. Kwa swali la miti ya kingoni, chupa haikusaidii.

Ushahidi ninaouheshimu zaidi ni mayai na vifaranga vinavyoelea. Wavu wa mdomo sm 45 kwa sm 30, macho ya mikroni 500 (250 ukitaka mayai, ila utaziba), dakika 15, kipima mwendo mdomoni. Eneo 0.135 m² × kasi 0.6 m/s × sekunde 900 = mita za ujazo 73. Ukipata vifaranga 22, ni 30 kwa kila mita za ujazo 100. Weka wavu juu ya kipande cha mradi na mwingine chini yake, kwa wakati mmoja. Tofauti kati ya wa chini na wa juu, ukizidisha na maji yanayopita, ni kile kilichozalishwa hapo katikati. Hii ndiyo njia ya bei nafuu ya kutenganisha kukusanya na kuzalisha ambayo mpima_maji ameiulizia.

Zingatia jioni na usiku wa kwanza mafuriko yanapoanza kushuka, si yanapopanda. Ukienda Jumatatu kwa sababu gari linapatikana Jumatatu, utakosa wiki yote. Vifaranga viende kwenye etanoli ya asilimia 96, kamwe si fomalini, kwa sababu kwa macho vifaranga vya ningu na vya kuyu havitenganishiki kwa uhakika na utahitaji vinasaba.

#8 Kingo_za_Nzoia

Mmeongea samaki, hamjagusa mto. Pete ya pili ya mnyororo wa mpima_maji ndiyo inayobadilika mapema, na ndiyo itakayokueleza kwa nini samaki hawakuja.

Ukiwa na bajeti ndogo pima hivi: mawe au chembe 100 za kitandani (sakafu ya mto) kwa kuokota bila kuchagua ukivuka zigizaga, upate asilimia ya tope na mchanga laini, sehemu 10 za kuvuka mto zenye kina na kasi (kasi ichukuliwe kwenye sehemu ya 0.6 ya kina kutoka juu), tope majini wakati wa mafuriko na si siku ya jua tu, na kwa ningu, siku ngapi bonde limebaki na maji na limeunganika na mto. Hiki cha mwisho hakigharimu. Nguzo yenye alama za sentimita pamoja na kijana anayepiga picha kila asubuhi, basi. Bonde likifurika siku mbili na kukauka, mayai yanabaki kwenye nyasi kavu, na mradi wako umegeuka mtego. Kufungua tuta bila kuangalia kama maji yatakaa ni hatari kuliko kuliacha.

Na miti. Miche ya kingoni haitatia kivuli cha maana kwa miaka mingi. Mtu anayepima ningu mwaka wa pili baada ya kupanda miti anapima mvua. Matete na nyasi hushika udongo mapema zaidi, waanze nazo. Mikaratusi isipandwe kabisa ukingoni, hata kama miche imetolewa bure.

Tanzania sheria ya mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 bila shughuli za kudumu. Kenya ni kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Pima upana halisi uliobaki kijani, usiandike wa kwenye sheria.

#9 Nyanza2

Chipu za ndani ya mwili wa samaki, zile zinazosomwa na antena, je? Wafadhili wanazipenda, zina picha nzuri.

#10 Fundi_nyavu

Zinafaa ukiwa na swali la kuishi na kurudi, si la picha. Chipu ya mm 12 ina uzito wa takriban gramu 0.1. Kwa kanuni ya tahadhari ya asilimia 2, samaki asiwe chini ya gramu 5. Ya mm 23 ni gramu 0.6, kwa hiyo samaki wa gramu 30 na zaidi, lakini inasomeka mbali zaidi na ndiyo inayofaa antena ya kuvuka mto.

Antena ziwe mbili, moja upande wa juu wa mto na nyingine mita chache chini yake. Sababu si mwelekeo tu. Zikiwa mbili unaweza kujua ufanisi: kati ya samaki waliosomwa na ya juu wakishuka, wangapi walisomwa na ya chini? Wakiwa 40 kati ya 50, antena ya chini ina ufanisi wa 0.8. Antena moja haiwezi kukuambia imekosa wangapi. Funga kwa namna ambayo gogo la mafuriko litakata kamba dhaifu na si kung'oa kisanduku cha betri. Kisanduku kiwe juu ya alama ya mafuriko, na kiwe na mlinzi anayelipwa. Betri ya volti 12 yenye paneli ya sola ukingoni haimalizi mwezi bila mlinzi, tusidanganyane.

Ganzi: mafuta ya karafuu yanafanya kazi, miligramu 25 hadi 40 kwa lita. Yayeyushe kwanza kwenye etanoli, sehemu 1 kwa 9, la sivyo yanaelea juu na samaki mmoja analewa huku mwenzake anatazama. Akilala ubavu, dakika isizidi sana. Mrudishe kwenye ndoo yenye pampu ya hewa mpaka aogelee wima mwenyewe. Usifanye kazi hii mchana maji yakiwa na joto na oksijeni iko chini. Jike lililojaa mayai liache lipite, hakuna takwimu inayostahili hilo.

#11 Mdau wa ruzuku

Yote sawa, wakuu, ila ruzuku ni miaka 2. Miaka 3 ya kabla, bado ya baada, hailipwi na mtu. Tufanyeje? Tuache?

#12 binti_takwimu

Msiache, ila punguzeni mdomo wa ripoti.

Tatizo si letu peke yetu. Uchambuzi wa miradi zaidi ya 37,000 ya Marekani, uliochapishwa 2005, ulikuta kama asilimia 10 tu ndiyo yenye rekodi ya ufuatiliaji wowote. Fedha zilikuwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Na utafiti wa 2010 kuhusu samoni wa pwani ya Pasifiki ulikadiria kwamba ili upate ongezeko la asilimia 25 linaloweza kuonekana kwenye vijana wanaoshuka baharini, uhuishe kama asilimia 20 ya makazi yote ya bonde. Sasa chukua mradi wa mita 800 za ukingo kwenye mto wa kilomita 200. Hata kama umefanya kazi kikamilifu, hesabu ya wazazi kwenye mdomo wa mto haitasogea. Kutosogea huko hakumaanishi umefeli. Kipimo na kazi havikulingana ukubwa.

Mfano wa waliofanya sawasawa ni Bridge Creek, Oregon. Mto ulikuwa umejichimbia, bonde la mafuriko limekauka. Kuanzia 2009 walijenga mabwawa madogo ya nguzo na matawi zaidi ya 100, wakimwiga biva (mnyama anayejenga mabwawa kwa miti), na wakaweka mto wa kulinganishia, Murderers Creek. Walitia chipu kwenye wachanga wa steelhead (trauti anayeshuka baharini), wakapima msongamano, ukuaji na uhai tofautitofauti, wakaviunganisha kuwa uzalishaji. Matokeo ya 2016: uhai ulipanda asilimia 52 na uzalishaji asilimia 175 ukilinganisha na mto wa kulinganishia, na vizuizi havikuwazuia samaki kupanda na kushuka. Ona kilichowapa nguvu: waligusa sehemu kubwa ya kijito kwa mpigo, si mita mia mbili hapa na mia mbili kule.

Somo kwa ruzuku ya miaka 2: wekeni fedha kwenye kijito kimoja kidogo, mkihuishe karibu chote, na jirani yake muache. Mtaona kitu. Mkigawa kwa vijiji kumi ili kila diwani aridhike, hamtaona chochote popote.

#13 Mwanamara

Na kabla ya yote ulizeni: je, mwaka huo kuna mtu amemwaga vifaranga vya ningu wa bwawani? Kuna wanaowazalisha sasa, jambo jema, lakini wakimwagwa mtoni bila alama tathmini imekufa siku hiyo hiyo. Wakatwe pezi la tumbo wakiwa wakubwa kiasi, au waogeshwe dawa inayoacha alama kwenye jiwe la sikio wakiwa wadogo. Mwenye bwawa na mwenye mradi wakae meza moja kabla ya masika.

#14 Nyanza2

Naongeza la midomo ya mito. Mnaweza kuhuisha Nyando yote mpaka Tinderet, nyavu zikibaki mdomoni msimu wa kupanda, wazazi hawafiki. Basi hesabuni nyavu: kila wiki ya mafuriko, zimetegwa ngapi, macho ya inchi ngapi, siku ngapi. Wapeni BMU daftari na mlipeni mwandishi. Ile namba iingie kwenye modeli pamoja na mvua. Bila hiyo mtalaumu miti kwa kosa la nyavu, au mtaisifu miti kwa sababu mwaka huo doria ilikaza.

#15 mpima_maji

Asanteni, hili la nyavu nilitaka liandikwe na mtu wa ghuba.

Kwa Mdau wa ruzuku, hiki ndicho unachoweza kusimamia baada ya miaka 2, ukiwa na msimu 1 wa kabla na vipande vya kulinganishia: tope la kitandani limepungua au la, siku za bonde kuwa na maji zimeongezeka ngapi, ningu wamefika juu ya kizuizi kilichoondolewa au hawajafika, vifaranga vimetoka kwenye kipande au la, kwa wavu wa juu na wa chini. Manne hayo yaandikwe kwa namba na kiwango cha mashaka. Neno "idadi ya ningu imeongezeka" liondolewe kwenye rasimu, na mahali pake pawekwe jedwali la lini kipimo kijacho kifanyike, nani atakuwa na data ghafi, na viratibu vya GPS vya kila kipande. Piga picha za nguzo za mwanzo na mwisho wa kipande, zikionyesha mti au jiwe lisilohama. Miradi mingi haiwezi kupimwa tena mwaka wa sita kwa sababu rahisi mno: hakuna anayejua ile mita 100 ilianzia wapi.

Fundi_nyavu, nyavu za kufungia kipande unatumia macho ya milimita ngapi kwa wachanga wa chini ya sm 5?

#16 Fundi_nyavu

Milimita 4 au 5, fundo dogo. Chini ya hapo majani yanaziba na mkondo unauinua wavu kutoka kitandani ndani ya dakika chache, samaki wanapita chini wewe unahesabu mapito. Weka mnyororo kwenye ukingo wa chini badala ya risasi, na mtu mmoja kazi yake iwe kusafisha majani ya wavu wa juu tu tangu pito la kwanza hadi la tatu.